Siku Niliyowakataa Wakwe kwa Mikrofoni

Mimi ni Anastase Havugimana, na kazi yangu ni kujiaibisha mbele za watu. Wengine wana diploma, mimi nina koo. Huu ni mwaka wa ishirini na moja niko mtangazaji wa sine ya mama Pascasie, hapa Majengo, na kama umekaa Goma bila kunikuta barabarani nimevaa kitu cha ajabu, basi ulikuwa unatembea umefumba macho.

Sine yenyewe usiifikirie makubwa. Ni ukumbi wa mbao na mabati, mabenchi thelathini, projekta moja, na jenereta inayokohoa kuliko watazamaji. Mama Pascasie aliirithi kwa marehemu mume wake, na pamoja na mabenchi alinirithi mimi. Mabango tulijaribu zamani, lakini mvua iliyang'oa, na yaliyobaki wauza maandazi waliyafungia maandazi. Kwa hiyo filamu ikifika, lazima mtu atoke kwenda kuwavuta watu majumbani mwao, na mtu huyo ni mimi, juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali ambayo mji mzima hubebea viazi na makaa. Wengine wanabeba viazi. Mimi najibeba mwenyewe.

Kwa filamu ya mizimu nilijipaka unga mwili mzima nikatokea ghafla nyuma ya soko. Mama mmoja alinimwagia beseni la maji ya sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, na kwa siku tatu paka walinifuata hadi mlangoni. Kwa filamu ya karate nilitangaza kwamba yeyote atakayeniangusha ataingia bure. Niliangushwa na muuza makaa mjamzito. Watu walidhani tumepanga. Hatukuwa tumepanga.

Mtu mwenye kazi kama hii hapaswi kuwa na binti. Mimi ninaye. Anaitwa Umurerwa, ni muuguzi katika kituo cha afya, mpole kama mama yake Dancille. Tangu alipokuwa shule ya msingi, akisikia megafoni yangu inakaribia alikuwa anavuka barabara na kwenda upande wa pili. Nilimwona mara nyingi. Nilijiambia kwamba anakwepa pikipiki.

Miaka mitatu iliyopita alipata mchumba, Harelimana, mwalimu kutoka Rutshuru. Ndiyo wiki tuliyokuwa na filamu ya kuchekesha kuhusu mume anayetoroka nyumba yake. Nikavaa gauni la Dancille, nikafunga mto tumboni, nikateremka na chukudu hadi Birere kwenye msongamano. Mbinu yangu ilikuwa rahisi: namchagua bwana mmoja mwenye heshima zake, namkamata mguu, nalia kwa sauti, “Papa ya mutoto, unaniacha na nani?” Watu wanacheka, bwana naye anacheka, nampa tikiti, tunaachana vizuri. Siku hiyo nilimchagua mzee mwenye kofia na Biblia, aliyekuwa anashuka kwenye basi dogo la Rutshuru. Hakucheka. Nilimng'ang'ania mguu mpaka kiatu kikabaki mikononi mwangu.

Jioni niliporudi nyumbani, mto kwapani, nilimkuta mzee yuleyule amekaa kwenye kiti changu. Alikuwa Ntirenganya, shemasi, mjomba wa Harelimana, aliyetumwa kuja kuiangalia familia. Aliangalia. Aliangalia gauni, akaangalia mto, akamwomba Dancille maji ya kunywa, akaondoka kabla maji hayajafika, na uchumba ukaishia hapo.

Umurerwa hakupiga kelele. Alilichukua gauni la mama yake, akalikunja taratibu, akasema, “Papa, siko na kasirani. Nimechoka tu.” Afadhali angenitukana. Matusi nimeyazoea, yako ndani ya kazi. Neno lile lilinikaa kifuani, na halikuniacha.

Mwaka huu alifikisha miaka ishirini na tisa, na akaja Luc. Luc Birindwa, karani kwenye depo ya mizigo karibu na bandari, kijana wa familia ya Kikatoliki ya Bukavu aliyehamia Goma miezi michache tu, wa kusema maneno machache na kumaliza kila neno. Nilimpenda, nikamwogopa. Ikapangwa kwamba wazee wake watavuka ziwa kwa boti na kuja kwetu Jumamosi kumwomba Umurerwa kwa utaratibu unaotakiwa.

Umurerwa alinifuata nyuma ya nyumba nikiwa najinyoa.

“Papa, ninakuomba kitu moja tu. Jumamosi ukae kama bapapa ba bengine. Uvae koti, unyamaze. Papa Byiringiro njo atasema.”

Byiringiro ni shemeji yangu, mwalimu mstaafu, mtu ambaye hata akikusalimia utafikiri anakusomea ripoti.

“Nitanyamaza,” nikasema.

“Uape.”

Nikaapa, povu la sabuni likiwa shavuni. Na niliapa kwa moyo wote, nataka mnisadiki. Nilijua kwamba safari hii ikiharibika, hakutakuwa na mchumba wa tatu.

Tatizo lilikuwa filamu. Vijana wa hapahapa Goma walikuwa wamepiga filamu yao ya kuchekesha, “Baba Mukwe Anakataa”, kuhusu mzee anayewarudisha wachumba wote wa binti yake. Mwaka huu watu wa mji huu wana mengi vichwani, banki zimefunga, kila mmoja anatembea amekunja uso, lakini kucheka bado wanataka, pengine kuliko zamani. Mama Pascasie alisema lazima ukumbi ujae Ijumaa, onyesho la saa kumi. Akapatana kwa simu na kikundi cha maigizo cha Ndosho, watume mzee mmoja, mama mmoja na bwana mmoja, waje saa tisa kwa pikipiki wakiwa wamevaa suti na vitenge, wamebeba kreti za soda zilizofungwa utepe, kama watu waliokuja kuposa. Mimi ningesimama mlangoni mwa sine na mikrofoni, niwe baba mkwe, niwakatae mbele ya umati.

Nilipiga hesabu yangu: Ijumaa si Jumamosi. Leo nitakuwa kichekesho, kesho nitakuwa baba. Hesabu safi kabisa.

Kwa asiyejua mambo yetu, nieleze kidogo. Wageni wakija kuomba msichana, upande wa msichana haukubali hivihivi. Wanajifanya hawajui wageni wamefuata nini. Wanawatania, wanawatoza amende kwa kosa la kuchelewa au la kuwahi, wanawaletea bibi kizee badala ya binti, wanawakataa mara tatu. Na wageni wanajua la kujibu, maana maneno ni yaleyale kila mahali, Rutshuru, Masisi, hata kule Bukavu. Wanasema waliona ua katika bustani yenu. Hakuna mtu mzima asiyejua maneno hayo, kwa hiyo hatukuona haja ya kufanya mazoezi na waigizaji. Hata sura zao sikuzijua.

Ijumaa, saa tisa kasoro, umati umejaa hadi barabarani. Nimevaa koti la zambarau lenye kola ya manyoya ya kuku na tai iliyofika magotini. Pikipiki tatu zikasimama mbele ya lango. Wakashuka mzee mwenye suti ya kahawia na kofia, mama mnene mwenye kitenge cha buluu, na bwana wa makamo amebeba kreti ya soda na kikapu kilichofunikwa kitambaa cheupe. Nikamshukuru Mungu. Waigizaji wanaofika kwa saa, Goma!

Sikuwapa nafasi ya kupumua.

“Ninyi ba suti!” nikanguruma kwenye mikrofoni. “Munafuata nini kwa nyumba yangu? Muko bapolisi ama munauzisha soda?”

Mzee aliduwaa. Alimtazama mama wa kitenge, mama akamtazama yeye. Kisha mzee akavua kofia yake polepole, akatabasamu.

“Tulikuwa tunapita njia yetu, muzee,” akasema, “tukaona ua moja ya muzuri mu bustani yenu.”

Lo, jinsi alivyolisema! Bila haraka, kama mtu aliyeposea wana wanne. Hata lafudhi ya Bukavu alikuwa ameiweza. Mtu mwenye akili angesimama hapo akajiuliza maswali. Mimi nilijiambia, huyu ni fundi.

“Ua?” nikamjibu. “Muzee, uko Goma hapa! Bustani yetu ni mawe ya volkano. Kama uliona ua, uende kwa daktari ya macho!”

Umati ukalipuka. Nikawakataa mara ya kwanza. Nikamtoza mzee amende kwa kuja na viatu vyenye vumbi: apande chukudu yangu kutoka langoni hadi kwenye kidirisha cha tikiti. Mzee wa miaka sabini! Alimpa mama kofia yake, akaweka goti moja juu ya ubao kama alivyoona wengine wakifanya, akasukuma kwa mguu mwingine, akaenda hatua sita nzuri na ya saba akaingia ndani ya magunia ya muuza makaa. Aliinuka mweusi upande mmoja, amenyoosha mikono juu. Mama wa kitenge akapiga vigelegele. Watu walikuwa wanalia kwa kucheka, mama Pascasie alikuwa amejishikilia ukuta.

Nikawaletea Joviale, muuza tikiti wetu mwenye mimba ya miezi saba, nikauliza kama ndilo ua lenyewe. Mama wa kitenge akajibu kwamba ua hilo lina mwenyewe na tayari limezaa matunda. Jibu hilo lilinipiga. Nikawakataa mara ya pili. Nikapandisha sauti kwa mara ya tatu.

“Na sasa musikilize muzuri! Mutoto wangu sitamupa mutu wa Bukavu! Bale banakula sambaza ya Goma halafu banasema ziwa ni yabo!”

Hapo ndipo pikipiki nyingine zikaingia kwa kasi. Wakashuka watu watatu, suti mbili na kitenge kimoja, jasho likiwatoka, wamebeba kreti za soda zenye utepe. Kijana aliyejibandika ndevu za pamba alinikimbilia akihema.

“Papa Anastase, miye ni Télesphore, wa kikundi cha maigizo. Utusamehe, tulikosa esansi ya pikipiki kwa njia.”

Niliwatazama hao. Nikawatazama wale.

“Na ninyi,” nikamwuliza mzee wa makaa, na sauti yangu ilitoka nyembamba kwenye spika mbili kubwa, “ni banani?”

“Miye ni Birindwa, papa ya Luc. Huyu ni dada yangu Mwavita, na huyu ni mudogo yetu. Boti ya kesho ilijaa, tukakuya na ya leo. Kwa bandari tuliuliza fasi ya papa Anastase, na ba-moto bote bakasema banamujua.”

Bila shaka wananijua. Nani wa pikipiki asiyenijua? Nilikuwa nimejitangaza miaka ishirini na moja, na tangazo lilikuwa limefanya kazi yake vizuri.

Umati ukadhani bado ni mchezo, ukazidi kucheka. Mzee Birindwa alikunja uso kidogo.

“Lakini kuna kitu sielewi,” akasema. “Luc alituambia papa ya Umurerwa ni karani wa ofisi.”

Karani wa ofisi. Nitasema ukweli: nimeanguka kwenye chukudu mara nyingi, nimemwagiwa maji ya samaki, nimeangushwa na mwanamke mjamzito, lakini hakuna kilichowahi kuniuma kama maneno hayo matatu. Luc hakuyatunga. Aliambiwa na binti yangu. Umurerwa alikuwa amekaa mahali, akafikiri, akanitafutia kazi nyingine.

Na papo hapo, nikiwa bado naumia, nikaona kwamba njia ipo. Hawakuwa wamewahi kuniona. Angalau uongo wake ningeweza kuulinda.

“Ah, hapana!” nikacheka, kicheko kibaya. “Kuna ba-Anastase mbili, muzee. Miye ni mutu wa sine tu. Papa ya Umurerwa ni mwingine, mutu mukubwa, karani kabisa. Iko anabangojea kesho kwa nyumba. Miye huyo mutoto simujui.”

Nilipoinua macho nikamwona. Alikuwa ndani ya lango, bado na sare yake nyeupe ya kituo, kiatu kimoja mkononi kimekatika kamba. Luc alikuwa amempigia simu kwamba wazee wamefika, naye akakimbia ili anitoe mlangoni kabla hawajaniona. Alikuwa amesikia. Spika zile husikika hadi soko la Virunga.

Nilimfanyia ishara kwa kichwa: vuka barabara, mama, nenda upande wa pili. Hakuvuka. Alipita katikati ya umati, akaja hadi mbele yangu, akaichukua mikrofoni kutoka mkononi mwangu.

“Muzee Birindwa, mama Mwavita,” akasema, “huyu njo papa yangu. Hakuna mwingine. Ni miye nilidanganya Luc, nikasema iko karani. Papa hajawahi kuwa karani. Alinisomesha na hii kazi munayoona, tangu shule ya musingi mupaka diploma. Kama munarudia kwenu leo, murudie juu ya uongo yangu, si juu yake.”

Umati ulinyamaza. Sijawahi kuusikia umati wangu ukinyamaza. Kazi yangu yote ni kuzuia jambo hilo. Niliona haya, na nilifurahi, vyote pamoja, na nisingejua kuvitenganisha hata ungenipa siku nzima.

Mzee Birindwa alijipangusa makaa shavuni, akayaeneza zaidi.

“Kurudia?” akasema. “Huyu mutu ametukataa mara tatu, amenipandisha kwa chukudu, na bado sijakaa chini. Kwetu tuliambiwa batu ba leo habajue tena kupokea bageni. Dada, uliona mahali gani tulipokewa hivi?”

Mama Mwavita akasema hajaona, na akauliza kama kuna kiti, maana miguu imevimba tangu kwenye boti. Wakaingizwa sine, benchi la mbele, wakaangalia filamu yote. Mama Mwavita alimwambia mama Pascasie kwamba mzee wa kwenye filamu ni mzuri, lakini yule wa mlangoni anamshinda.

Mngetegemea kwamba baada ya hapo nilipona. Sikupona. Kiapo ni kiapo. Jumamosi nilivaa koti la kijivu la kuazima, nikakaa sebuleni kama nimemeza ufagio. Umurerwa alikuwa chumbani nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa, akingoja kuitwa. Byiringiro alisimama, akakohoa, akaanza. Aliwakataa wageni mara ya kwanza kwa sababu nne, akazihesabu kwa vidole. Alipofika sababu ya tatu, mdogo wa Birindwa alikuwa amesinzia.

“Musinihukumu vibaya,” mzee Birindwa akasema kwa adabu. “Lakini ule muzee wa jana iko wapi?”

Kila mtu akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia, mbele ya watu wote, jambo ambalo bibi harusi halifanyi kamwe.

“Papa, sema.”

Basi nikasimama. Bila mikrofoni, bila manyoya ya kuku. Niliwakataa kwa sababu ya mvua isiyonyesha, nikawakataa kwa sababu ya jina la boti yao, na mara ya tatu nikasahau nilikuwa nawakatalia nini, ikawa bora zaidi. Walicheka hadi Dancille akaacha sufuria ya wali ikaungua. Nyuma ya pazia nilisikia kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Umurerwa akiwa mtoto mdogo, kabla hajajifunza kuvuka barabara.

Kisha ikafika zamu ya kukubali, na baba anapokubali anapaswa kumwita binti kwa jina, atoke, akabidhiwe. Maisha yangu yote nimekuwa nikiita watu waingie. Kuita mtu atoke sikuwahi. Nilifungua kinywa, nikasema, “Umurerwa,” na koo hili ambalo mji mzima unalijua halikuweza hata kuvuka pazia. Nikajaribu tena. Wageni waliokaa karibu nami ndio tu waliosikia, wakainamisha vichwa. Dancille akaweka mwiko chini, akasogea penye pazia, na yeye ndiye aliyemwita.